Pipa la Jiko la Mfano

Mama Jokébed alijua kufundisha, hilo hata wasiompenda hawakulikana. Kila wiki, mwaka ule waasi walipoushika mji wa Beni, akina mama wakimbizi wa mtaa wa Beu walijazana uani kwake, naye akawaonyesha kichanja cha vyombo, maji ya kuchemsha, uji wa soya, na mwisho muhogo mchungu. Kwenye muhogo ndipo alipopandisha sauti. Uloweshwe siku tatu, alisema, mpaka uvunjike kwa vidole. Anayeutoa baada ya usiku mmoja anawalisha watoto wake sumu. Wanawake waliitikia kwa adabu. Kisha walirudi kwao wakalowesha usiku mmoja, kwa sababu mtoni kulikuwa na askari, na askari hangoji muhogo wa mtu ulainike ndipo auibe.

Mdogo wa Jokébed, Kanyere, alikuwa mmoja wa wanawake hao. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa Mavivi na binti yake Bénite, wa miaka minne, baada ya kumzika mume, na familia moja ya kanisani ikawapa pembe ya chumba. Alipoweza alijipenyeza hadi shambani kwake, akachimba muhogo, akautengeneza kwa haraka kama wenzake. Siku moja Bénite alikula bugali ya muhogo huo akatapika, miguu ikamlegea, macho yakageuka. Muuguzi alihangaika naye mchana kutwa. Mtoto alipona, ila tangu hapo akawa anaogopa chakula. Mama yake akimega tonge, yeye anafumba mdomo.

Jokébed alilisema jambo hilo mbele ya darasa zima. Hakutaja jina, lakini nani hakujua? Kanyere aliinamisha kichwa mpaka mwisho, na wenzake walipotawanyika akarudi uani na karai la muhogo uliomenywa. Pembeni mwa jiko la mfano lilisimama pipa la buluu lenye mfuniko. Mradi uliogharamia darasa ulikuwa umempa Jokébed pipa hilo awaonyeshe akina mama jinsi ya kuhifadhi maji safi. Siku hiyo lilikuwa tupu.

“Yaya, unikopeshe ile pipa,” Kanyere alimwambia dada yake mkubwa. “Nilowesheye hapa. Kwako basoda ba ku muto habaingiake.”

“Na harufu je? Bageni ba Butembo banakuja kuangalia jiko. Hapana, Kanyere.”

“Ni siku tatu tu. Njo wewe ulifundisha.”

“Nilifundisha. Basi uende ku muto, uchunge muhogo yako.”

Ni kweli, muhogo unaolowa unanuka vibaya. Ni kweli pia kwamba jiko lilikuwa limepakwa chokaa upya, na kwamba wageni hao wa mradi wasiporidhika mradi ungehamia kwingine, darasa likafa. Jokébed hakuwa mwanamke mbaya. Alipenda jiko lake lisifiwe, basi, na kwa ajili hiyo akamtuma ndugu yake mahali ambapo yeye mwenyewe asingekanyaga.

Kanyere aliuzamisha muhogo mtoni, kwenye matete, akaukandamiza kwa mawe. Siku ya kuutoa alimwacha Bénite kwa Jokébed, akamwahidi mtoto kwamba bugali hii haitamuumiza tumbo. Wageni nao walifika asubuhi hiyohiyo. Walisifu kichanja, wakasifu choo, na mmoja akafunua pipa, akainamisha pua ndani, akasema kweli huyu mama ni msafi. Hapo milio ya risasi ikasikika kutoka upande wa mto. Wageni waliuliza kama ni karibu. Jokébed akawajibu kuwa ni mbali.

Wanawake waliokuwa wakifua ng’ambo ya mto waliona yote kutoka mafichoni. Askari walimkuta Kanyere anautoa muhogo wakamwambia aache karai. Hakuliacha. Walivutana naye, wakampiga risasi, kisha mmoja wao akaunusa muhogo, akakunja uso, na wakaondoka mikono mitupu. Wanawake walimbeba Kanyere ndani ya kitenge, na karai wakalibeba pia, maana walijua ni la nani na kwa ajili ya nani.

Baada ya maziko Jokébed alichukua kipande kimoja cha muhogo akakibana kwa vidole. Kilivunjika palepale, laini hadi katikati, kama alivyokuwa akifundisha. Alilia kwa uchungu na kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Kisha akauanika juu ya kile kichanja cha vyombo. Akina mama walipokuja darasani, harufu iliwapokea langoni, na pipa walilikuta limejazwa maji na kuachwa wazi. Mwalimu wao hakufundisha. Aliwaambia tu kwamba kuanzia siku hiyo walete muhogo wao waulowesha pale, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Muhogo ulipokauka aliutwanga, akauchekecha, akasonga bugali, akamketisha Bénite mbele ya sahani. Mtoto aliitazama muda mrefu.

“Ni ile ya mama?”

“Ni ile ya mama yako.”

Bénite alimega, akala, akamega tena, mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akalamba vidole, akangoja kidogo, mkono ukiwa juu ya tumbo.

“Mama mukubwa,” alisema, “mama akirudi, umuambie sikutapika.”