Gonpei Amefunga

Mama Wening alikuwa amekaa kwenye ngazi za studio, viatu kando yake, akimsikiliza mtu mwingine akila kwa sauti ya mtoto aliyemlea yeye.

Mtoto huyo hakuwa wa damu na nyama. Aliitwa Gonpei, mvulana wa katuni kutoka Japani, mwenye mashavu ya mviringo na tumbo lisilojaa. Kule kwao walimchora, wakamtilia muziki na upepo wa milimani na mlio wa viatu vyake vya mbao. Lakini alipofika Jakarta alikuwa bubu, na alibaki bubu mpaka Mama Wening avae hedifoni. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila Jumapili asubuhi, Gonpei alizungumza na watoto wa nchi nzima kwa koo la mwanamke wa Depok aliyepanda treni na chupa yake ya chai ya tangawizi. Hata lile neno ambalo watoto walilisema kabla ya kula, "Asante kwa riziki!", lilikuwa lake. Kwa Kijapani Gonpei alifumbata mikono na kusema maneno ambayo mfasiri wa siku ile hakujua ayaweke vipi, akaacha nafasi tupu kwenye karatasi. Mama Wening akaijaza papo hapo, na likabaki.

Sasa Gonpei alikuwa anakwenda kwenye majumba ya sinema, filamu nzima, wakati wa likizo ya shule. Msambazaji wa Jakarta alitaka jina la kuweka kwenye mabango, akamleta Meiske, binti Mkristo wa Manado ambaye nyimbo zake zilipigwa hata kwenye maduka ya simu. Ila neno la mwisho lilikuwa la wenye Gonpei, huko Tokyo. Asubuhi ile walituma ujumbe: wapelekewe sauti mbili, bila majina, za tukio moja tu, lile la tonge la wali, na wazipate kabla hawajafunga ofisi. Hiyo ilikuwa saa kumi ya Jakarta. Na ilikuwa Ramadhani.

Mlango ukafunguliwa, Meiske akatoka akijifuta midomo. Alipomwona Mama Wening aliinama, akaushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso.

"Mama, nisamehe. Nimekula mbele ya watu waliofunga."

"Mbele yangu hukula, umekula nyuma ya mlango. Tena umekula vizuri, nimesikia. Ulikuwa unakula nini?"

"Wali na kaki za kerupuk. Kaka Rojali alifungua dirisha harufu itoke."

"Haikutoka!" Rojali, fundi wa sauti, alipaza kutoka ndani. "Imekaa hapa kwenye kiti changu, inaniangalia."

Meiske hakucheka. "Nilipokuwa mdogo nilikuwa sitaki kula, Mama. Mama yangu alikuwa ananiwekea sahani mbele ya televisheni, anasubiri Gonpei ale ndipo na mimi nile. Leo nimejisikia mwizi."

"Mwizi haitwi kwa barua, mwanangu. Wewe umeitwa."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, maana binti alikuwa na adabu. Lakini alipoinuka aliviacha viatu vyake pale pale kwenye ngazi. Alijua kwamba leo anaweza kumpoteza Gonpei.

Ndani, Saptarini, mwongozaji wao, alikuwa amejifunga mtandio kichwani kwa sababu ya kiyoyozi na alikuwa na uso wa mtu aliyekosa kahawa tangu alfajiri.

"Mama, naomba radhi. Nimewaambia watu wa Tokyo watupe mpaka usiku. Wamejibu kwa heshima nyingi sana kwamba hapana."

"Si kosa lako, mwanangu. Shaaban yote tulimaliza karamu zake, nani alijua italetwa nyingine?"

Ndivyo walivyofanya kila mwaka. Kwa sababu Gonpei alikula katika karibu kila kipindi, vipindi vyote vyenye karamu vilirekodiwa Shaaban, mwezi kabla ya mfungo, na Ramadhani wakabakiza vile ambavyo amelala au amepotea msituni. Mama Wening alikuwa na ujuzi wake wa kula mbele ya maikrofoni: kipande cha kerupuk kilicholowekwa kidogo ndani ya chai, kisipige kelele nyingi wala kisiwe kimya. Bila kipande hicho hakuwahi kujaribu.

Picha ikawashwa. Gonpei alikuwa amepotea kwenye theluji, amezunguka milima bila chakula, na sasa amerudi kwenye kibanda cha bibi yake. Bibi hasemi neno. Anamwekea mkononi tonge la wali lililofinyangwa, lenye mvuke. Mtoto analitazama kwa muda mrefu, kisha anakula.

Mama Wening akavuta pumzi, akaguna, akatafuna hewa. Alitafuna kwa bidii mpaka taya zikamuuma.

Rojali alizima mtambo. Alijikuna shingo. "Mama, nikisema utanipiga?"

"Sema."

"Ng'ombe. Tena ng'ombe aliyeshiba, anacheua."

"Rojali!" Saptarini alimkemea, lakini na yeye alikuwa ameuficha mdomo kwa mkono.

Walirudia. Safari hii ulimi ulikuwa mkavu, na kila alipofungua mdomo maikrofoni ilinasa mlio mdogo, tak, tak, kama mjusi ukutani. Rojali alitikisa kichwa bila mzaha wowote. Hilo lilimtisha Mama Wening kuliko yule ng'ombe.

Saptarini aliingia chumbani, akafunga mlango nyuma yake, akasema polepole. "Mama, sikiliza. Mpishi anaruhusiwa kuonja chumvi akiwa amefunga, si kweli? Anaonja, anatema. Hii ni kazi kama ile. Meiske ameacha kerupuk nusu pakiti. Tafuna, usimeze, tema kwenye karatasi. Mungu anaijua hali yetu."

Mama Wening alifikiri. Mwalimu wake wa darasa la usiku msikitini, msichana aliyeweza kuwa mjukuu wake, huenda angelisema hivyo hivyo. Alikuwa ameanza darasa lile akiwa na nywele nyeupe tayari, pamoja na akina mama wenzake, wakijifunza kuiunga herufi moja na nyingine katika Kitabu ambacho maisha yote walikiheshimu bila kukisoma. Alikuwa mzito. Wenzake wakimcheka walimwambia, "Mlete Gonpei akusomee." Lakini mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alikuwa anakisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, baada ya tarawehe, na kila siku ya mfungo ilikuwa kwake kama chombo cha kioo alichokibeba kwa mikono miwili.

"Labda inaruhusiwa," alisema. "Sibishani na wenye elimu. Ila mimi najijua, Sapta. Kerupuk ikishafika kwenye ulimi huu, nitaimeza."

Saptarini alimtazama, akaangua kicheko, na machozi yakamlengalenga hapo hapo. "Sasa tufanye nini, Mama?"

"Kwanza tusali. Alasiri imeingia."

"Tuna chini ya saa nzima."

"Sala yangu si ndefu."

Kwenye bomba la ghorofani alichukua udhu. Alisukutua, akatema, na maji yale yaliupoza mdomo wake uliokuwa umekakamaa. Akasali kwenye kona ya mkeka, karibu na masanduku ya kanda za zamani. Alipokuwa amesujudu alitaka kuomba apewe ushindi, akaona haya. Hakuweza kumwomba Mungu amwangushe binti aliyemwinamia mkono. Akaomba tu: Ya Rabi, kama bado ni wangu, nionyeshe anakulaje.

Kisha, paji la uso likiwa bado kwenye mkeka, tumbo lake likalia. Alitabasamu bila kutaka. Akawaza juu ya jioni za nyumbani, mume wake Kusno akiwa ameshika bakuli la kolak, ndizi zikielea kwenye tui la nazi, na yeye na tende yake mkononi, adhana inaanza. Je, hapo alikuwa anairukia? Hata siku moja. Mtu aliyeshinda na njaa siku nzima hakirukii chakula. Huduwaa kwanza. Hukiangalia kana kwamba amesahau jina lake.

Na Gonpei je? Miaka yote hii alimlisha akiwa yeye mwenyewe amekunywa chai, amekula mihogo yake ya asubuhi. Alimpa Gonpei furaha, alimpa ulafi, alimpa kicheko. Njaa hakuwahi kumpa.

Alishuka ngazi peku, mdomo bado una unyevu wa udhu.

"Rojali, washa kabla sijakauka."

"Mama unataka nikuhesabie?"

"Washa tu."

Tonge la wali lilitokea kwenye picha. Kwa Kijapani, mtoto alikuwa analia na kuguna tangu alipoliona. Mama Wening hakutoa sauti. Alikuwa ameinua vidole vyake vitatu mbele ya midomo kana kwamba ameshika tende. Chumba kilinyamaza mpaka Saptarini akadhani amesahau. Ndipo, katikati ya ukimya ule, tumbo la Mama Wening likanguruma, refu, likapanda, likashuka, likamalizia na kijimlio kidogo cha kuuliza.

Rojali alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mabega yalimtikisika. Meiske, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alishika mgongo wa kiti.

"Asante kwa riziki," Gonpei alinong'ona. Si kwa kelele ile ya Jumapili. Alisema kama mtu anayesema kweli. Kisha pumzi moja, na kitu kidogo, midomo ikifunga polepole juu ya kitu laini. Hakutafuna. Alimeza mate yake mwenyewe, na ilisikika. Tonge lilikuwa limemziba mtoto mdomo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai kwamba midomo hailingani. Halafu Gonpei akaanza kulia.

Picha ilipoisha, Rojali alijifuta macho. "Mama, tumbo nalifuta. Dakika mbili tu."

"Hatuna dakika mbili," Saptarini alisema akitazama saa. "Tena usiliguse. Tuma."

"Dada, ni tumbo! Wale watu wataona tumefanya mzaha."

"Nimesema tuma, Rojali."

Akatuma.

Mvua ilinyesha, njia zikafungana, na hakuna aliyeweza kuondoka. Meiske alikwenda mpaka kona ya barabara na mwavuli, akarudi na mifuko ya vyakula vya kufuturia: ndizi za kukaanga, tofu iliyojazwa mboga, tende, na kolak ndani ya vikombe vya plastiki. Aliviweka mezani, akakaa mbali navyo na mikono mapajani, akisubiri adhana kama wao.

"Wewe kula, mwanangu," Mama Wening alimwambia. "Huna deni na mtu."

"Nasubiri, Mama. Leo nimekula peke yangu mara moja, inatosha."

Simu ya Saptarini ililia. Alisoma, midomo ikichezacheza. Akasoma tena.

"Bado wako ofisini?" Rojali aliuliza. "Hawa watu kwao hawapajui?"

"Wanasema sauti ya kwanza ni nzuri, ina afya." Saptarini alimtazama Meiske, kisha Mama Wening. "Wanasema sauti ya pili ndiyo Gonpei. Wanauliza lile tumbo tumelitoa wapi. Wanasema wao wana milio ya matumbo mingi, lakini ule hawana. Wanaomba mlio huo uwemo kwenye filamu, kila mahali ambapo ana njaa."

Mama Wening alikaa chini. Alifunika uso kwa ncha ya mtandio wake. Uso wa Meiske ulishuka, kila mtu aliona, lakini alinyanyuka, akaja kukaa sakafuni karibu na miguu ya Mama Wening.

"Nilijua," alisema. "Niliposikia lile tumbo nilijua."

Mama Wening alimwekea mkono kichwani. "Koo langu halitadumu milele. Siku yako ikifika, usile kwanza. Umesikia? Njoo na njaa."

"Tatizo moja," Rojali alisema. "Filamu tunaianza baada ya Idi. Mama atakuwa ameshiba wali wa ketupat na nyama ya nazi. Tumbo litalia vipi?"

Wote walimgeukia. Mama Wening alishusha mtandio.

"Zile siku sita za sunna za Shawwal," alisema. "Nitafunga sita, tutarekodi kwenye hizo hizo."

"Na mimi fundi nifunge?"

"Wewe malizana kwanza na hicho kiti chako."

Adhana ilianza kwenye msikiti wa nyuma, ikafuatwa na ya ng'ambo ya reli. Mama Wening aliomba dua yake kimya, akaichukua tende, akaitazama. Meiske alikuwa anamtazama mdomo, kama alivyotazama televisheni zamani, sahani ikiwa mbele yake.

Simu ya Mama Wening ilitetemeka ndani ya mkoba. Alijua ni Kusno, akaipokea.

"Gon," mume wake alisema, maana nyumbani hakumwita jina lingine, "kolak inapoa. Umefuturu?"

"Sasa hivi."

"Na mtoto? Wamekuachia?"

Mama Wening alikuwa ameshaweka tende mdomoni. Hakujibu. Kusno, upande wa pili wa mvua, alisikiliza ukimya ule, kisha ule mmezo, akaelewa kwamba mtoto amebaki, na akaanza kucheka peke yake jikoni.