Pima ya Mama

Vidole vya Mangatayaru viliitambua shali ile kabla macho hayajaiona vizuri, na safari hii vidole vilikataa.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo wanawake wa kichochoro kile cha Narsapur, mji wa kusini mwa India, huvuta mikeka barazani na kushika sindano za kroshia. Kila mmoja ana sehemu yake. Huyu hufuma maua matupu tangu alipoolewa, yule ukingo, mwingine kazi yake ni kuunganisha tu. Uzi ni mweupe na kazi ni ya tajiri. Mkono wa mwanamke pale ndio jina lake. Ukiokota ua moja njiani utaambiwa limeanguka kutoka kapu la nani, na kama siku hiyo aligombana na mumewe utaambiwa pia.

Shali haikuwa ya tajiri. Ilikuwa ya watu wawili, Tayaru, kama walivyomkatiza jina, na binti yake Haima. Ilikuwa ya pembe tatu, milia myeupe na milia ya buluu ya nili. Ilianzia kwenye ncha, kitanzi kimoja kidogo, kisha kila safu ikawa ndefu kuliko ile iliyoitangulia. Mlia mweupe mama, mlia wa buluu binti. Haima alikuwa Kuwait, kwenye kazi za nyumbani, na shali ilikwenda na kurudi mikobani mwa wanawake wa Narsapur wanaofanya kazi huko kama yeye.

Miaka saba nyuma, jioni ya kuamkia safari, Haima alifunga fundo la kwanza akiwa ameketi kwenye sanduku lake ili lifungike. Mumewe alikuwa amemwacha mwaka ule, na kichochoro kilikuwa hakijamaliza kulitafuna jambo hilo.

"Safu mbili zako, safu mbili zangu," alisema. "Ikifika pima yako, mama, narudi. Hata wakinipa jumba."

Tayaru akanyoosha mikono yake yote miwili, kucha hadi kucha, ili binti aione pima ilivyo. Shali wakati ule ilikuwa sawa na ukucha wa kidole gumba. Walicheka mpaka Haima akapaliwa.

Walisema miaka miwili. Mwaka wa pili ikawa bado kidogo, na wa tatu bado kidogo. Barua za Haima zilikuwa fupi na zote zilisema mzima. Tayaru hakuzitegemea barua. Alisoma mlia. Binti yake alikuwa na mkono mlegevu, mkono wa mtu anayefuma huku akipiga soga, pepeo zake, mafungu ya nguzo tano tano za uzi zinazotanuka kutoka tundu moja, zikikaa wazi kama mtu aliyejilaza. Mlia wa mwezi wa Ramadhani ulikuwa umekaza katikati, kwa kuwa jikoni kwa tajiri wake kulikuwa hakulaliki. Mlia fulani wa mwaka wa nne ulikuwa laini mwanzo hadi mwisho, na Tayaru aliutembeza mashavuni siku nzima, akasema, "Hapa mwanangu alikuwa anaimba."

Sasa Esteru, jirani wa nyumba ya tatu, amerudi likizo na kumletea bahasha ya plastiki. Esteru anafanya kazi mtaa mmoja na Haima huko huko Kuwait. Akaiweka bahasha mkekani, akakataa chai, akasema ana mgonjwa wa kumtazama.

"Mgonjwa gani asiyengoja chai?" akauliza Appayamma. Huyu ndiye mkubwa wa baraza lile, mwanamke wa miaka sabini na kitu, ulimi wake mkali kuliko sindano yake. Wote walimwita akka, dada mkubwa, na wote walimwogopa.

Esteru alikuwa ameshafika kona.

Tayaru akaikunjua shali magotini. Akapitisha vidole kwenye mlia mpya. Akarudia. Kisha akageuza upande wa nyuma, jambo ambalo mtu hulifanya kwa kazi ya mgeni.

"Kuna nini?" akauliza Appayamma. "Umekuta mende?"

"Si mkono wake, akka."

Appayamma akavuta pindo la shali, akalileta karibu na pua maana macho yake yalikuwa yamechoka. Hakuhitaji muda. Mtu wa Narsapur hupitisha sindano chini ya nyuzi mbili za kitanzi. Aliyefuma mlia ule alipitisha chini ya uzi mmoja tu, kwa hiyo kila safu ilikuwa imeachwa na mstari ulioinuka kama kovu. Tena kila mwanzo wa safu alikuwa ameongeza nguzo isiyotakiwa, na ukingo uliokuwa umenyooka miaka saba ulikuwa umetoa meno.

"Huyu hata si Mtelugu, si mtu wa kwetu," Appayamma akatangaza. Kisha, kwa kuwa hakujua kunyamaza, akaongeza: "Haya bwana. Dunia imekwenda mbele. Binti yako kaajiri mtu wa kumkumbuka mama yake."

Wanawake wawili wakacheka, halafu wakaona uso wa Tayaru, wakaangalia kazi zao.

Tayaru aliingia ndani na shali yake. Hakulia. Alikaa karibu na mtungi wa maji akiwaza jambo moja tu: amechoka nami. Mtu anayechoka hasemi nimechoka. Huanza kwa kumpa mwingine kazi ndogo. Leo kampa mtu safu zangu, kesho atampa mtu barua aandike, keshokutwa atasema pima ya nani? Na yeye, mjinga, kila iliporudi alikuwa ananyoosha mikono nyuma ya nyumba, shali ikining'inia mbele yake, akihesabu shibiri zilizobaki. Safari iliyopita zilikuwa mbili.

Akaamua kuufumua mlia ule. Kazi ya kufumua ni nyepesi. Safu ya mwisho ndiyo ya kwanza kuondoka, unavuta uzi na kila kitu kinakuja chenyewe bila kinyongo. Akatafuta mwisho wa uzi. Ulikuwa pembeni kabisa, kwenye pepeo ya mwisho ya safu ya juu.

Pepeo hiyo ilikuwa ya ajabu. Mbaya kuliko zote. Nguzo moja ndefu, nyingine fupi, vitanzi vikubwa vya kupita hata punje ya mchele. Mtoto wa miaka mitano angepigwa kofi kwa pepeo ile. Lakini sindano ilikuwa imepita chini ya nyuzi mbili.

Tayaru akauachia uzi.

Akasogea mlangoni penye mwanga, akaanza kusoma upya, safari hii kutoka chini, pale mlia wa buluu unapoanzia kwenye mlia wake mweupe. Pepeo ya kwanza: Haima. Ya pili: Haima, lakini imekaza, kama mtu anayeuma meno. Ya tatu, ya nne, zimekaza zaidi. Ya tano ilikuwa na nguzo nne. Ya sita nguzo mbili, na ya pili yake haikukamilika. Kuanzia hapo ndipo mgeni alipopokea, na kovu lake likaendelea hadi mwisho.

Kisha akahesabu safu. Akahesabu tena kwa ukucha. Zilikuwa sita.

Safu mbili zako, safu mbili zangu. Kwa miaka saba hakuna aliyewahi kuongeza hata moja, maana kuongeza ni kuiba. Tayaru alikuwa ametamani kuiba mara ngapi! Sasa Haima, ambaye hata nguzo tano hakuweza kuzimaliza, ameiba safu nne kwa mkono wa mtu mwingine. Akasimama, akainyoosha shali kifuani kucha hadi kucha. Ilikuwa imebaki shibiri moja.

Hakuvaa hata ndara. Alimkuta Esteru uani kwake akipeta mchele, hakuna mgonjwa wala dalili ya mgonjwa.

"Mkono gani?" Tayaru akauliza.

Esteru akaweka ungo chini. "Mama mdogo, mimi nimeapishwa."

"Umeapishwa usiseme. Hukuapishwa usitikise kichwa. Wa kulia?"

Esteru akatikisa kichwa: ndiyo. Halafu machozi yakamtoka, na kiapo kikatoka nayo. "Mafuta ya kukaangia, mama mdogo. Sufuria ilipinduka. Amepona, kidonda kimefunga kabisa. Ila vidole viwili havikunji. Kuna dada mmoja wa Sri Lanka anafanya kazi nyumba ile ile, ndiye aliyemfumia. Haima akawa anamwambia, ongeza, ongeza tena. Pepeo ile ya mwisho kaifuma mwenyewe, sindano ameishika kwa ngumi, hivi, kama mtu anayechokoa nazi. Alishinda nayo siku mbili."

"Kwa nini asirudi?"

"Arudi wapi? Kwenye baraza la akka?" Esteru akafuta uso kwa ncha ya sari. "Alisema, nilitoka pale mwanamke asiye na mume, nirudi mwanamke asiye na mkono? Watanitazama vidole mpaka nife. Tena akasema, mama asijue, lakini shali ikifika pima, hapo itakuwa ahadi, si mimi niliyeomba."

Tayaru akachezea mchele ungoni. Mwisho akauliza, "Unarudi lini?"

"Jumapili ya tatu."

"Inatosha."

Tangu siku ile hakushika kazi ya tajiri. Aliketi barazani mahali pake pa kila siku na kufuma nyeupe juu ya buluu. Mlia wa mgeni hakuufumua. Uliacha meno ukingoni na yeye akayafuata meno, nguzo kwa nguzo, ili upande mmoja usiukane mwingine. Alipomaliza safu mbili hakuacha. Akageuza, akaanza ya tatu.

Appayamma alikuwa akihesabu. Yule bibi alikuwa haoni lakini alikuwa anahesabu. "Tayaru! Zamu yako imekwisha juzi."

"Najua, akka."

"Unaiba?"

"Naiba."

"Nani kakufundisha?"

"Mwanangu."

Safu ya sita ilipofika mwisho, zilibaki siku tatu Esteru aondoke. Tayaru akasimama katikati ya baraza, watu wote wakiona, akanyoosha mikono. Shali ikafika ukucha huu hadi ukucha ule, na kaukingo kadogo kakaning'inia nje. Hakukata uzi. Kitanzi cha mwisho alikichoma pini ili kisikimbie, akaikunja shali, akaiweka kabatini.

Esteru alipokuja kuaga, amebeba achari zake na samaki wakavu wa nusu ya mtaa, alinyoosha mkono kupokea bahasha. Tayaru akampa uzi mtupu, mmoja mweupe, umekunjwa kwenye kipande cha gazeti.

"Na shali, mama mdogo?"

"Shali haiendi. Nimeupima uzi huu juu yake. Mpe. Mwambie ahadi imefika, nayo ni ahadi, hakuna aliyeomba. Mwambie aliyefunga fundo la kwanza ndiye anayekata uzi wa mwisho. Kitanzi kimebaki kimoja, na si changu."

"Lakini mama mdogo, mkono wenyewe..."

"Mwambie hivyo hivyo."

Esteru akaondoka. Basi lake lilipiga honi kwenye soko la samaki, kisha halikusikika tena.

Alasiri ile Tayaru alitoka na sindano yake ya zamani, ile ambayo Haima alijifunzia, na vitambaa vya sari iliyochakaa. Akaanza kuuzungushia mpini kitambaa, akikaza, akishona, akizungusha tena, mpaka sindano ikawa na shingo nene kama muhogo. Akaishika kwa ngumi. Ikamtoka. Akaongeza kitambaa. Akaishika tena, akachukua uzi mweupe, akajaribu kutoa nguzo moja. Jasho lilimtoka puani. Alitoa nguzo moja iliyopinda, na ya pili iliyopinda zaidi.

Baraza zima lilikuwa limeacha kufuma. Tayaru hakuinua macho. Alijua kwamba wameelewa, maana pale mambo ya mikono hayahitaji kuelezwa, na alijua pia ulimi wa nani unafuata. Alikaza ngumi akaungoja.

Appayamma akajikokota kwenye mkeka mpaka magoti yao yakagusana.

"Lete hapa," akasema.

Akaipokea ile sindano, akaikamata kwa ngumi yake yenye mishipa, akasonya kwa sababu uzi ulimkimbia, akarudia. Ilimchukua muda mrefu. Mwanamke yule alikuwa amefuma miaka sitini na hakuna aliyewahi kuona kazi mbaya mkononi mwake. Alipomaliza pepeo moja ya nguzo tano akaiinua karibu na pua, akaikagua mbele na nyuma.

"Mbaya," akasema. Akaivuta kwa kucha zote mbili, mara moja, mara mbili. "Lakini imeshika. Ongeza kitambaa hapa kwa kidole gumba, mtoto asije akaumia."