Uwanja Uliohamia Majumbani

Jumatatu asubuhi, Mama Chokaa alipokuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo, aliona mstari mweupe umepita katika sakafu ya jiko lake, kutoka chini ya mlango hadi ukuta wa pili. Aliweka karai chini, akachukua futi kamba. Upana ulikuwa sentimita kumi na mbili. Akaridhika, akamalizia vyombo.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mchoraji wa mistari katika uwanja wa klabu ya mtaa, kazi aliyorithi kwa baba yake pamoja na kamba, vigingi vinne na jina. Katika kona ya kaskazini, kigingi cha baba kilikuwa kikigonga mwamba usiong'oleka, hivyo mstari ulipinda kwa nje, upana wa kidole kimoja. Marefa walijua na hawakusema. Baba alipofariki, binti aliendelea kuupinda kila Ijumaa kwa heshima yake.

Aliufuata mstari hadi nyumba ya nne, ambako fundi cherehani, rafiki wa marehemu mumewe, alikuwa amekaa barazani akitazama kona iliyojichora mbele ya mashine yake. Mama Chokaa alichuchumaa, akaiwekea kidole. Ilikuwa imepinda kwa nje.

"Ni uwanja wetu," alisema.

"Sawa, shemeji. Ila mtu asipige kona hapa bila kunibishia hodi."

Klabu ilikuwa imeondoka miaka sita kabla. Diwani, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake, aliitisha mkutano siku ya kazi, saa nne asubuhi. Watu kumi na mmoja walinyoosha mikono, na klabu ikawa mali ya kampuni. Timu ilihamishiwa mji mwingine, ikabadilishwa jezi na jina. Uwanja ulizungushiwa ukuta, ndani yake yakapangwa makontena. Kila wakazi walipodai timu yao, Diwani aliwajibu kwa upole: "Nionyesheni uwanja wenye vipimo kamili, nami nitawaletea timu." Katika kampeni ya mwisho aliyasema hayo akicheka, kwa kuwa mtaani hapakuwa na nafasi hata ya kusimamisha goli.

Kufikia adhuhuri ilijulikana kwamba uwanja mzima ulikuwa umepita ndani ya nyumba thelathini na nne. Mstari wa kati ulikigawa kitanda cha wanandoa fulani, na mke akachagua nusu ya dirishani. Waliojaribu kupangusa kwa tambara walikuta chokaa imerudi sakafu ilipokauka. Mstari wa goli ndio uliopita jikoni kwa Mama Chokaa, na nyuma ya jiko, katika chumba cha pili, kitanda cha mama mkwe wake kilijikuta ndani ya eneo la kipa. Bibi huyo hakuwa ametembea kwa miaka mitatu. Mwanawe, marehemu mume wa Mama Chokaa, alikuwa kipa wa klabu.

"Nimelala golini," alisema bibi, akaomba mto wa pili. "Tuone nani atanipita."

Wakazi waliandika barua, na Alhamisi Diwani alikuja na mpima ardhi. Mpima aliingia nyumba kwa nyumba na chombo chake cha miguu mitatu, akiwaomba radhi waliokuwa wakila. Hakulalamikia chochote isipokuwa makabati yaliyomzibia. Mita mia moja na tano kwa sitini na nane, vipimo kamili. Kilichobaki ni sahihi ya mchoraji anayetambulika, na mchoraji alikuwa mmoja tu.

"Mama, fundi ni wewe," alisema Diwani, amesimama jikoni mguu mmoja kila upande wa mstari. "Huu ni uwanja au si uwanja?"

"Ni uwanja, Mheshimiwa. Kona ya kaskazini imepinda kidole kimoja, ila ilikuwa hivyo tangu mwanzo."

"Kidole kimoja hakitatunyima timu. Weka sahihi hapa."

"Soma kwanza!" bibi aliita kutoka chumbani.

"Nimesoma, mama. Ni vipimo tu."

Na kweli vilikuwa vipimo tu. Hakuwahi maishani mwake kutoa kipimo cha uongo. Aliandika jina lake lote, kwa mwandiko wa shule.

Wiki mbili fundi cherehani alishona bendera za rangi za zamani, nazo zikatundikwa madirishani. Wiki ya tatu, baraza la madiwani liliutambua uwanja kwa kauli moja. Wiki ya nne, vijana wa halmashauri walipita na rangi nyekundu wakichora alama ya X kwenye kuta za nyumba thelathini na nne. Notisi ilieleza kwamba sheria hairuhusu makazi ndani ya uwanja wa michezo, na kwamba wakazi walikuwa na siku kumi na nne. Nyuma yake iliambatishwa nakala ya vipimo, yenye sahihi ya Mama Chokaa.

"Shemeji," alisema fundi, notisi mkononi, "tuliomba timu. Nani aliomba kuhama?"

"Nilipima sawa."

"Ndiyo. Tatizo ni hilo."

Mama Chokaa alikwenda ofisini kwa Diwani kuifuta sahihi yake. Alisema kona imepinda, kwa hiyo uwanja haukutimia. Diwani alimmiminia maji ya kunywa.

"Mama, mwenyewe ulisema ilikuwa hivyo tangu mwanzo."

"Basi timu inarudi lini?"

"Timu huhitaji mashabiki wanaoishi jirani. Mkishahama, kampuni itaangalia kama bado kuna sababu ya kuirudisha."

Mama Chokaa aliyanywa maji, kwa kuwa alikuwa ametembea mwendo mrefu, akarudi nyumbani kufunga mizigo.

Buldoza lilifika siku ya kumi na tano, saa tatu asubuhi. Bibi alitolewa golini juu ya godoro lake, fundi ameshika upande wa kichwa, Mama Chokaa upande wa miguu. Walipouvuka mstari, bibi aligeuza shingo.

"Refa yuko wapi?"

"Hayupo, mama."

Jioni, kuta zilipokwisha kulala, uwanja ulionekana mzima kwa mara ya kwanza. Mistari ilipita juu ya sakafu tupu, katika saruji, vigae na udongo, bila kukatika. Waliohama walisimama pembeni na vyombo vyao, wakakubaliana kwamba umechorwa vizuri. Mwezi uliofuata ukajengwa ukuta, na makontena ya kwanza yakashushwa kwenye duara la kati.

Mama Chokaa alipanga chumba kimoja ng'ambo ya soko, yeye na bibi. Fundi cherehani alipata chumba mlango wa tatu. Asubuhi moja, akimwaga maji ya vyombo, Mama Chokaa aliona mstari mweupe umeingia kwa chini ya mlango. Alipima. Sentimita kumi na mbili. Fundi alitokea na mkasi mkononi.

"Shemeji, kwangu kuna kona."

"Imepinda?"

"Kidole kimoja. Kwa nje."

Mama Chokaa aliurudisha mlango, akatandika mkeka juu ya mstari, na juu ya mkeka akaweka karai. Saa nne alipita karani wa ofisi ya Diwani, akiandikisha wapangaji wapya.

"Hicho cheupe pembeni ya mkeka ni nini?"

"Chokaa ya ukuta imemwagika," alisema Mama Chokaa. "Nitapangusa."

Kitandani, bibi alijifunika hadi kidevuni na kufumba macho. Karani aliandika, akashukuru, akaenda mlango wa tatu, ambako fundi alikuwa amekwisha kuisukuma mashine yake juu ya kona.