Mafundo ya Marehemu

Mjukuu wa fundi cherehani alipokataliwa kazi ya udereva wa treni, eti macho yake hayatofautishi taa nyekundu na ya kijani, mzee hakutaka maelezo zaidi. Wakubwa wamempa nafasi mtoto wa mkubwa mwenzao, basi. Ni hao hao waliomrudishia sare arobaini za shule, wakidai suruali za kijani kazishona kwa uzi mwekundu. Tangu mkewe afariki, dunia nzima ilikuwa imekula njama dhidi yake.

Akavaa koti, akamkokota binti yake, mama wa kijana, hadi ofisi za treni. Akamwambia muuguzi wa pale kwamba shule hakusoma, lakini dhuluma anaijua kwa harufu. Muuguzi alimfunulia kitabu cha vitone vya rangi, akamuuliza anaona namba gani.

Fundi akakisogeza, akakirudisha mbali, akakipindua juu chini.

"Hamna namba," akasema kwa ushindi. "Hata kitabu chenu ni feki."

"Baba," binti akasema taratibu, "ni saba. Tena kubwa."

Muuguzi akaeleza kwamba kasoro hiyo ya kutotofautisha rangi babu humpa binti, binti mwenyewe akaona vizuri tu, kisha akampa mwanawe wa kiume. Fundi akauliza ni nani aliyeidhinisha utaratibu huo. Akaambiwa hakuna.

Nyumbani binti akavuta droo ya cherehani. Rola za uzi za zamani zote zilikuwa na mafundo kwenye ncha: nyekundu fundo moja, kijani mawili. Miaka thelathini fundi aliyaita mambo ya kike yasiyo na maana. Kila asubuhi mkewe alimwambia leo ashone kwa mafundo mawili, naye alishona, akijiona ndiye bosi wa duka.

"Alijua?"

"Tulijua wote, baba. Mama alisema ukiambiwa utamwandikia waziri barua."

Hilo hakulikana. Barua yenyewe alikuwa ameshaianza kichwani.

Kijana alipoingia, amejiinamia, babu yake alikuwa amemsukumia binti rola mpya azifunge mafundo. Alimwita mjukuu akae. Maisha yake yote alikuwa amemtafuta mkosaji katika ofisi za watu, kumbe anamnyoa ndevu kila siku.

"Wakubwa hawakukunyima kazi, mjukuu wangu," akasema. "Ni mimi. Nisamehe."

Kijana akamshika mkono. Fundi akakohoa, kisha, maana mazoea hayafi siku moja, akaongeza kwamba hata hivyo, serikali yenye akili ingezifunga taa za treni mafundo.