Mlango wa Kushoto Uko Salama

Hamjambo nyote mliojazana humu kichwani mwangu, wewe mwalimu wangu wa masomo ya jioni, wewe daktari, na wewe marehemu baba watoto ambaye hata kuzikwa hakukukatisha maneno, karibuni, kaeni mnapopata, ila naomba kimya, nasoma, na mtu anayesoma hasemeshwi, nina padi ya mchezo mikononi na maandishi kwenye skrini na mwanangu kando yangu anangoja nimsomee... u-me, ume-ku, umekufa, ndiyo hivyo, umekufa tena, nukta, zulia tumelifua, mkato, safari hii jaribu kufa pembeni, nukta. Anacheka. Kicheko cha puani tu, lakini kicheko ni kicheko, sijakisikia tangu pipa limlipukie usoni, anasema Mama nukta haisomwi, namwambia mwalimu katufundisha tusiruke kitu, anasema basi mwalimu wenu ndiye atakayekuua, dari likianza kushuka wewe bado uko kwenye mkato... Kweli nasoma polepole, sikatai, nasoma kama ninavyopiga pasi kule kwa dobi, kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mwili mwisho, ukianza na mwili kola itakuharibia kazi yote, na neno nalo lina kola yake, ukilianza vibaya linakunjamana mpaka mwisho, nimejifunza kusoma ukubwani, niliona haya nikaenda nazo haya zangu hivyo hivyo, nikaketi kwenye dawati magoti yakigonga ubao, na sasa hakuna kinachonipita, nasoma pakiti za sabuni, nasoma mabango ya maduka, ule mlango wetu wa wafanyakazi kumbe umeandikwa vuta, miaka yote mimi nausukuma kwa bega, nikidhani kazi ndivyo inavyoanza, kwa kupigana na mlango.

Na hapa tena ni milango, miwili, na taa moja inawaka mezani, mchezo wenyewe mtu humwoni, unaona mikono yake miwili tu mbele yako kana kwamba ni yako, macho yake ndiyo macho yako, unatembea ndani ya jengo lisiloisha na kila chumba ni fumbo, ukilifumbua unatoka, ukikosea unakufa, na Mwenye Nyumba hana sauti wala sura, anaandika tu, ukutani, chini ya vikombe, kwenye dari lenyewe linaposhuka kukuponda, ukiwa mfupi una muda zaidi, ndivyo alivyoandika chumba cha nyuma, na kwenye kiti kimoja kitupu akaandika hiki ni cha mpangaji wa kwanza, tafadhali usimkalie... zamani nilikuwa napiga pasi humu humu sebuleni, yeye anacheza, ananisomea, tunacheka mpaka naunguza ukosi wa mtu, na mimi sijui hata a, sasa mimi ndiye msomaji na yeye ndiye msikilizaji, macho yangu yamefumbuka na yake yakafumbwa, msimu mmoja, kama vile nyumba hii ilipewa jozi moja tu ya macho na hatuna budi kupokezana, huo utani ni wa nani, unafanana sana na wa huyu anayeandika kuta... Mama umeingia mlango gani, wa kushoto, kwa nini wa kushoto tena, kwa sababu kumeandikwa mlango wa kushoto uko salama. Anashusha pumzi. Mama, kila mara unaingia huo, kila mara unakufa, na kila mara ukirudi bado kumeandikwa uko salama, ndiyo, nasema, labda nasoma vibaya, husomi vibaya, anasema, unadanganywa, aliyeandika naye ni mtu... Hilo sikuwa nimeliwaza. Maandishi kwangu yalikuwa kama jiwe, kitu kimeshakaa, nani atajihangaisha kutafuta rangi na brashi kwa ajili ya uongo, uongo si mdomo unautosha, naye anaongeza, taratibu, kama anasimulia habari za mtu wa mtaa mwingine, hata lile pipa la mafuta lilikuwa limeandikwa, limeoshwa, kwa rangi nyeupe, herufi nzuri kabisa Mama, ungezipenda. Loo. Hajawahi kunieleza. Fundi wa kuchomelea vyuma, ovaroli zake nimezifua mimi na matundu yake ya cheche, moyoni nilimlaumu, nilisema alizembea, vijana na haraka zao, kumbe alisimama akasoma, mtoto wangu alisoma akaamini kama ninavyoamini mimi, ndipo akaliwekea moto...

Na daktari alisema nini. Hivyo tu ananiuliza, bila kugeuza uso, uso umeanza kupona, ngozi mpya inang'aa kama kola iliyopigwa pasi ikapitilizwa, anauliza kama mtu anayeuliza saa, nimeshakwambia baba, kasema tungoje, tungoje nini, tungoje tu, ngoja kwanza niujaribu huu wa kulia... m-la, mlango wa kulia nao uko salama, mkato, waulize waliopita, nukta, naingia, sakafu inaondoka, tumekufa, maua ya maziko yako sasa tunayapata kwa bei ya jumla, nukta, safari hii hacheki. Aliniambia kaa mama, huyo daktari, na daktari akikwambia kaa ujue miguu haitakufaa tena, macho yale hayatarudi, akasema, si jicho la kulia wala la kushoto, usizunguke naye kwa watu wakakuuzia matumaini, akasema kwa upole, alikuwa na doa la chai kwenye pindo la mkono wa koti, doa la siku nyingi, nililitazama hilo doa mpaka akamaliza, nikasema asante, asante daktari, kama mtu aliyerudishiwa chenji, nikatoka nje na mwanangu yuko kwenye benchi amekumbatia mkoba wangu mapajani, akasikia viatu vyangu akainua uso, nikasema tungoje. Neno likatoka limeshapigwa pasi, halina hata kunjo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, nimekusikia marehemu, lakini wewe hukumwona yule fundi mwenzake aliyekatika mkono, walimwambia ukweli siku ile ile, akageukia ukuta, hakula, hakujibu mtu, mama yake akawa anaongea na mgongo mpaka mgongo nao ukanyamaza, wewe hukuwepo, mimi nilipeleka uji nikaurudisha, basi niacheni na tungoje yangu, nimeomba kimya... Zima taa, Mama. Taa gani, ya mle ndani, hiyo ya mezani, zamani nilikwama chumba hiki hiki, nilihangaika na milango wiki nzima, taa sikuigusa. Nikiizima nitasomaje. Hutasoma, anasema, hapo hakuna maandishi ya kukufaa, huyo Mwenye Nyumba anatuwashia taa ili tumsome yeye.

Sitaki. Kidole kiko juu ya kitufe na kidole kinagoma, nimetoka gizani juzi juzi, bado nina tongotongo, nimelipia mwanga huu kwa haya na usingizi na magoti, leo niuzime kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu ya mchezo, na dari hilo limeanza kushuka na limeandikwa, ha-tu, hatukuharakishi, mkato, tunakubana tu, nukta, Mama anasema, Mama bonyeza, mpaka sasa hujaniamini mimi, umemwamini kila mwenye brashi... nabonyeza. Nyeusi. Skrini yote nyeusi, ila mlio wa dari, na nje ya dirisha letu mchana kweupe, mtu anafua, ndoo inaburutwa, na hapa ndani mimi na yeye tunatazama kitu kimoja kwa mara ya kwanza tangu ajali. Haya, tumelingana, anasema, na kuna kautani ndani yake, sasa geukia kushoto, weka kiganja ukutani, usikiondoe, hata kona ikija usikiondoe, kiganja kikitoka ukutani umepotea, nenda nao tu, ukuta unasema wenyewe, utasikia mahali padi inatetemeka kidogo. Umejuaje, namuuliza, na hujawahi kufika huku. Si ndivyo ninavyokwenda bafuni, anasema.

Bafuni... ule uchafu. Ule mstari wa kijivu kwenye ukuta wa ushoroba, kimo cha kiuno, kutoka mlango wa chumba chake, unapinda kwenye kona, unafika bafuni, unatokea kila siku nami kila asubuhi nausugua kwa sabuni na mswaki wa zamani, nanung'unika, nani huyu anashikashika kuta, mimi wa madoa, mimi ninayejua la jasho na la kutu na la chai kabla sijalikaribia, nimefuta doa la mwanangu siku zote hizi na sikulisoma. Mtu anayengoja macho yarudi hajifunzi ukuta. Anayengoja hukaa kitini akaita Mama nishike mkono, na huyu, huyu hajaniita tangu lini, nilidhani ananionea huruma miguu yangu, anajua, amejua kabla ya daktari na doa lake la chai, pengine alijua siku ile ile moshi ulipotua na asione moshi, basi haniulizi ili ajue, ananiuliza aone kama nitamwambia, mara ngapi ameuliza na mara ngapi nimemwandikia mlango wa kushoto uko salama, kwa herufi nzuri kabisa... na mimi nilichoogopa ni ageukie ukuta. Ameshaugeukia. Ila kwa kiganja. Mama, unatembea, natembea, kumeandikwa nini, hakuna kilichoandikwa baba, giza tupu, vizuri, anasema, na dari linasaga mahali fulani juu yetu, sijui limefika wapi, mikono ya yule mtu siioni, yangu naiona, imeishika padi kama pasi ya moto, na yeye kwa sauti ile ile ya kuuliza saa, daktari alisema nini... Nabonyeza kitufe cha kusimamisha. Dari linanyamaza lilipo. Mwenye Nyumba andika utakalo, hakuna wa kukusoma sasa hivi, zulia lako litangoja. Na nyinyi mliomo humu kichwani, mmetulia vizuri, ahsanteni, mwalimu, daktari, na wewe baba watoto, kaeni hivyo hivyo msigusane, mimi natoka kidogo, nina neno na mwanangu, la mdomo, halina mkato, lina nukta moja tu, nikishaifikia nitarudi, tuushike ukuta pale tulipouachia.