Nyavu za Mlango wa Mafunjo

Swila alimgonga mama yake Herman kwenye kifundo cha mguu saa nne asubuhi, alipokuwa anachomoa kuni. Kabla ya saa tano Herman alikuwa ameshamlaza kwenye mtumbwi, mguu umefungwa kanga, injini inanguruma. Dawa ya nyoka kisiwani hakuna. Iko hospitali, ng'ambo, na mafuta yaliyobaki yalitosha njia ya mkato tu.

"Tuzunguke rasi," alisema Onesmo, mvuvi mwenzake wa miaka sita, amesimama mbele na upondo.

"Kwa mafuta yapi?"

"Yakikata tutapiga kasia."

Bibi Lusia, mama yake Herman, akacheka pale chini alipolala. "Huyu tangu lini akapenda kasia? Juzi kaja kuomba mihogo. Nikamwambia akachimbe, akashiba ghafla."

Herman akakata kona kuingia Mlango wa Mafunjo. Maji ya pale hayafiki kifuani, na chini vimejaa vigingi vya mashamba yaliyomezwa mwaka ule ziwa lilipofura. Tena kuna jambo kila mvuvi analijua na hasemi: nyavu haramu hutegwa humo, bila boya, maana boya huwaita watu wa doria. Herman alikuwa na wake mmoja, kwenye kigingi kilichoinama. Akaukwepa, akajiona mjanja.

"Mama, nikikuita bana kidole changu."

"Nabana, bhebhe, we mtoto. Unaniuliza kama karani wa sensa." Lakini kope zilikuwa zinamshuka, na maneno yalitoka mazito kama ya mlevi.

Injini ikakoroma, ikazima.

Herman aliruka majini akapapasa pangaboi. Wavu. Akavuta uzi mpaka juu: uzi wa kijani, fundo la mara tatu. Kisiwa kizima, fundo lile hulifunga mtu mmoja tu, huyo mwenye upondo.

Onesmo akatazama mafunjo. "Nilitaka kukwambia."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

Miezi yote hiyo wanagawana samaki nusu kwa nusu, kumbe mwenzake anakuja huku peke yake. Herman alikuwa ameshika kisu, na kwa kitambo hakujua anataka kukata nini. Akapitisha mkono juu ya ukingo wa mtumbwi. "Mama." Kidole kikabanwa, kidogo, kama kifaranga anadonoa.

Akakata wavu. Pini ya pangaboi ilikuwa imevunjika, akaweka msumari. Wa kwanza ulimdondoka matopeni. Wa pili ukaingia.

"Onesmo, mbele ziko ngapi?"

"Herman, mimi..."

"Samaki siulizi. Ziko ngapi, na ziko wapi?"

"Nne. Na za Athanas mbili. Tunategaga pamoja."

"Basi nionyeshe. Ukinificha mmoja, umemuua mama."

Mvuvi hataji mtego wake hata kwa padri. Onesmo alitaja yote. Kulia. Kushoto. Nyanyua injini. Penye wavu wa mwisho walishuka wote wawili wakausukuma mtumbwi, matope mapajani.

"Wangu uko kule nyuma," Herman alisema, anahema. "Kwenye kigingi kilichoinama."

"Naujua. Huwa naukwepa."

Mama hakusema tena. Kifua kilipanda, kikachelewa, kikashuka. Mafuta yalikata mwalo wa kushukia ng'ambo ukiwa unaonekana, wakapiga kasia mpaka viganja vikachubuka. Pale Herman akampakia mama kwenye bodaboda, akakaa nyuma yake, akajifunga naye kwa kanga.

"Nije?" Onesmo aliuliza, bado yumo majini.

"Panda hiyo nyingine."

Hospitali muuguzi alikuwa anavuta dawa kwenye sindano. "Mwite, tuone kama anasikia."

"Mama." Vidole vyake vimelegea kwenye kidole cha Herman. "Mama."

Onesmo akasogea, anachuruzika maji sakafuni. "Mama, ile mihogo nitachimba mwenyewe."

Kidole cha Herman kikabanwa.

Muuguzi akawasukumia nje wote wawili, na matope yao.