Mkondo wa Udongo

Kamati ya kuandaa shahada ya uzamili ya uhandisi ujenzi ilikuwa imekaa tangu asubuhi, na kufikia mchana hakuna aliyekuwa amekaa vizuri. Mmoja alikuwa amevua viatu chini ya meza, mwingine amelaza kichwa juu ya mkoba wake. Mwenyekiti, mkuu wa idara, alikuwa mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Mama Ratiba kwa kuwa hakuonekana popote bila karatasi ya vipindi mkononi. Siku hiyo aliegemeza kidevu kwenye kiganja, akawasikiliza wanaume wawili wakigombea saa za wiki kama majirani wanaogombea mpaka wa ua.

"Mhandisi wa uzamili asiyejua maji ni mhandisi gani huyo?" aliuliza mhadhiri wa maji, ambaye hata mkewe alimwita Bwana Maji. "Nipeni masomo manne tu, mtaona nitakachowapa."

"Ukishachukua manne wewe, barabara zangu zipite wapi?" alijibu mwenzake wa barabara. "Juu ya mabomba yako?"

"Zipite popote. Si huwa mnazipitisha popote?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Mama Ratiba hakucheka. Mpango ule ulikuwa umezeeka mikononi mwake. Alipouanza, kitinda mimba wake alikuwa anatambaa, na sasa alikuwa anafunga kamba za viatu mwenyewe. Ulipelekwa juu, ukarudishwa, ukasahihishwa, ukarudishwa tena. Kila uliporudi, watu wale wale walirudia maneno yale yale ndani ya chumba kile kile, chini ya feni iliyolalamika kuliko ilivyopuliza.

Sehemu moja tu haikuwa na ugomvi. Mkondo wa udongo na misingi ya majengo, tawi ambalo mwanafunzi angechagua kubobea, ulikuwa na mwenyewe tangu siku ya kwanza: Mzee Udongo. Ndivyo wanafunzi walivyomwita, na baadaye walimu, mpaka mwenyewe akaanza kuitika. Alikuwa amefundisha udongo chuoni pale tangu Mama Ratiba ni msichana wa mwaka wa kwanza, na ndiye aliyemfundisha. Vikao hakuvipenda. Akiitwa, alituma salamu kwamba yuko maabara. Kwa hiyo walipofika kwenye mkondo wake, waliandika jina lake mbele ya kila somo, wakafungua ukurasa mwingine kwa shukrani.

"Hapo hapana shida," alisema Bwana Maji. "Hapo yupo Mzee."

Mama Ratiba alifika nyumbani mumewe akijiandaa kutoka. Mumewe alikuwa muuguzi wa zamu, na kwa miaka mingi ndoa yao ilikuwa ya kupokezana mlango kama walinzi. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda akipiga pasi shati kwa kiganja, maana umeme ulikuwa umekatika.

"Leo mmefika wapi?" aliuliza.

"Tulipokuwa jana. Maji na barabara wamekamatana mashati. Afadhali udongo. Udongo umekwisha, yupo Mwalimu."

"Bado tu anataka kufundisha, mzee wa watu?"

"Yule? Yule atafundisha mpaka wamfukie kwenye huo huo udongo wake."

"Amekwambia?"

Mama Ratiba alikuwa anavua hereni. Mkono ukasimama sikioni. "Hahitaji kuniambia. Mwalimu namjua."

"Sawa, mama," alisema mumewe, akijifunga vifungo. "Nimeuliza tu. Wagonjwa nao tunawajua, lakini kabla ya sindano tunawauliza." Akambusu kwenye paji la uso, akaondoka.

Mama Ratiba alikasirika bure. Alipika, akala na watoto, akasahihisha tasnifu ya mtu, na neno lile lilikaa kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi yake hakupitia ofisini. Alikwenda moja kwa moja maabara.

Maabara ya udongo ilikuwa nyuma ya jengo, chumba kirefu chenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Mzee Udongo alikuwa kwenye sinki, mikono ya shati imekunjwa, akisugua chekeche kwa brashi. Alikuwa mrefu na mwembamba, na mgongo ulikuwa umeanza kupinda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Leo umepotea njia? Huku hakuna kikao."

Mama Ratiba alitaka kuanzia mbali, aulizie mke wa mzee, aulizie mguu uliokuwa unamsumbua. Lakini alikuwa amechoka hata kuzunguka maneno. "Mwalimu, ule mpango wa uzamili. Mkondo wako nimeuweka wote kwako. Unajua, sivyo?"

"Najua. Nimeusikia kwa wafagizi." Aliendelea kusugua. "Nilikuwa nangoja siku utakayokuja kuniambia. Maana umenipanga kama tofali, binti yangu. Tofali haliulizwi."

Uso ulimchoma. "Nisamehe. Nilidhani…"

"Ulidhani vizuri tu. Miaka ile ungekuwa umepatia." Alilaza chekeche kifudifudi juu ya kitambaa. "Mimi mwisho wa mwaka huu naondoka. Sifundishi tena. Si uzamili, si mwaka wa kwanza."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mama nyumbani mzima?"

"Mzima, ananisema kila siku. Nimechoka, mwanangu. Ndiyo hiyo tu. Naingia darasani najisikia nikisema maneno niliyoyasema mwaka juzi, na mwaka wa kabla yake, na utani ule ule, na wao wanacheka pale pale. Natoka nimechoka kama nimebeba saruji."

Mama Ratiba alivuta kigoda akaketi. Kichwani alikuwa anahamisha masomo, anahamisha saa, na kila alipogusa, kitu kilidondoka. "Somo moja basi," alisema. "La misingi tu. Mwaka mmoja, mpaka nipate mtu."

"Hapana."

"Hata kusimamia tasnifu?"

"Hapana, binti."

Ndipo hasira ilipompanda, hasira ya mtu aliyelala vibaya miaka kadhaa. "Wewe ndiye uliyenivuta huku! Mimi nilitaka madaraja. Ukaniambia daraja ni kitambaa cha meza, mwenye kazi ni udongo. Nikakufuata. Leo unaniachia mzigo wote unakwenda kukaa kibarazani!"

Mzee Udongo alimtazama, maji yakidondoka kwenye vidole. Hakumkemea. Aligeuka akachukua chekeche jingine, akaanza kulisugua. Mama Ratiba akasimama, akatoka bila kuaga.

Wiki zilizofuata alihangaika. Alimpigia mtaalamu wa udongo wa chuo kingine, mwanamke aliyesoma naye. Huyo alimcheka kwa upole, akamwambia kwamba yeye mwenyewe anatafuta wa kumsaidia. Alimwendea mhandisi mmoja wa kampuni ya kuchimba misingi, akaahidiwa, akazungushwa, mwisho simu ikawa haipokelewi. Akajaribu kujipanga mwenyewe. Alikaa na karatasi yake ya vipindi, akajibandika kwenye kila somo la udongo, juu ya masomo aliyokuwa nayo na vikao na wanafunzi. Alipomaliza, nafasi iliyobaki ilikuwa Jumapili asubuhi, na hiyo aliitazama kwa makini kabisa, kama mtu anayepima kama kabati litapita mlangoni. Kisha mwanawe wa kwanza, binti aliyekaribia kumaliza sekondari, akapita nyuma yake na kikombe cha chai, akachungulia.

"Mama, hapa unalala saa ngapi?"

"Nitaona."

"Hapajaandikwa."

Mama Ratiba alipangusa karatasi yote kwa kifutio, taratibu, mpaka ikachakaa.

Siku ya pili alipanda ngazi kwenda kwa mkuu wa kitivo, mwanamume mnene mwenye sauti laini aliyependa kusema "tusonge mbele" hata alipokuwa hajui mbele ni wapi.

"Nautoa mkondo wa udongo," alimwambia kabla hajakaa. "Tubaki na maji, barabara na majengo. Udongo utakuwa somo moja la lazima. Nitalifundisha mimi."

Mkuu wa kitivo aliweka kalamu chini. "Uhandisi ujenzi bila mkondo wa udongo? Watatucheka."

"Wacheke. Mwalimu hatuna."

"Mzee si yupo?"

"Anaondoka mwisho wa mwaka."

"Ndiyo kusema leo yupo." Alitabasamu, akasogeza kiti. "Sikiliza, mama. Jina liache. Jina linakula nini? Wakaguzi wanakuja mwezi ujao, wataliona jina kubwa, watapitisha. Akishaondoka tutatafuta mwingine. Tusonge mbele."

Ilikuwa njia nyepesi, na Mama Ratiba alikuwa na hamu na kitu chepesi. Akiinamisha kichwa tu, mpango mzima utapita, na yeye atalala. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliwaona watakaokuja: watu wazima, wahandisi wa maeneo ya kazi, wameaga nyumbani, wameacha vibarua, wamekuja kwa ajili ya jina lile. Halafu yeye awasimamie mlangoni na kuwaeleza.

"Watakaolifuata jina nitawapa nini?" aliuliza.

"Hilo la baadaye."

"La baadaye ni langu, mkuu. Wewe baadaye utakuwa na kitivo kizima, mimi nitakuwa na wale watu. Liondoke."

Sauti laini ikakauka. "Basi wakirudisha mpango, ni juu yako."

"Umekuwa juu yangu siku zote," alisema, akainuka.

Bwana Maji na Bwana Barabara walipopata habari walisikitika mpaka mlangoni pa chumba cha kikao. Walipoketi tu, walianza kugawana saa zilizoachwa wazi, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane walikubaliana karibu kila kitu. Mama Ratiba aliwaangalia wakinong'onezana kama maharusi. Akaona kwamba hasira hana tena. Ilikuwa imekwisha, kama sukari inavyokwisha nyumbani, bila mtu kujua ni siku gani.

Wakaguzi walikuja, wakaketi chini ya feni. Mmoja wao, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, aliuliza moja kwa moja, "Na udongo?"

"Hatuna watu," alisema Mama Ratiba. "Tukiwapata tutauongeza. Kwa sasa siwezi kuahidi nisichokuwa nacho."

Mkuu wa kitivo alikohoa. Yule mwanamke aliandika kitu, akasema, "Haya," na wakaendelea na maktaba. Majibu yalipokuja, mpango ulikuwa umepita, ukiwa na masharti mengi, na maneno kwamba ni mdogo. Bwana Barabara alinunua soda za watu wote. Mama Ratiba alikunywa yake akiwa amesimama dirishani. Furaha aliyoingoja miaka yote haikuja. Kilichokuja ni kitu kama pale mtoto mwenye homa anapolala hatimaye, na wewe hujui ukae au uondoke.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Mzee Udongo. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile ya maabara. Mlango ulifunguliwa na mke wake, mama mnene mchangamfu, kanga imefungwa kifuani.

"Karibu, mwanangu. Huyo mwalimu wako yuko ndani, ameshinda ananifundisha kupanga sufuria. Mchukue, nakuomba."

Mzee alikuwa jikoni kweli, amekaa kwenye stuli, sufuria zimepangwa mbele yake kwa ukubwa. Alimwona, akajifuta mikono.

"Mpango umepita?" aliuliza.

"Umepita. Bila udongo."

Alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Majengo, barabara, maji, na chini hakuna kitu! Mmejenga hewani, binti yangu!" Mkewe naye akaangua kicheko bila kujua cha nini. Mama Ratiba alijikuta anacheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka, yakagoma kurudi. Mama mwenye nyumba akamsogezea kiti, akamshika bega.

"Nilikusema vibaya siku ile," Mama Ratiba alisema alipoweza.

"Ulisema kweli. Kukuvuta nilikuvuta." Mzee alisogeza sufuria moja. "Na mimi inaniuma, usidhani. Nilipenda nione mkondo ule kabla ya kuondoka. Lakini kupenda kuona na kuweza kubeba si kitu kimoja."

Mama Ratiba alimngoja aseme kwamba atakuja kufundisha mara moja moja. Hakusema. Na kwa namna asiyoweza kuieleza, hilo lilimpumzisha. Walikunywa chai, wakazungumzia watoto. Alipotoka, mama yule alimsindikiza hadi barabarani, akimsimulia jinsi mume alivyohamisha kabati la vyombo, na sasa hakuna anayejua vijiko viko wapi.

Masomo yalianza muhula uliofuata, jioni, ili walio kazini waweze kuhudhuria. Wanafunzi walikuwa wachache, wametawanyika kwenye chumba kikubwa. Walikuja na vumbi la kazini kwenye viatu, mmoja amesahau kuvua fulana yake inayong'aa. Mama Ratiba aliandika ubaoni jina la somo lake, lile moja la udongo.

Kijana wa kike aliyekaa mbele aliinua mkono. "Samahani, Mwalimu. Nilitaka kujikita kwenye misingi. Huo mkondo upo?"

"Haupo. Mwaka huu haupo, na mwakani sikuahidi."

Yule kijana alifikiri, akaangalia mlango, kisha akafungua daftari.

Nyuma, mwanamume mmoja alikuwa ameshaanza kusinzia, kalamu mkononi, kidevu kinashuka na kupanda. Mwenzake alitaka kumgusa. Mama Ratiba akamzuia kwa mkono.

"Mwache kidogo," alisema. "Ametoka kazini."

Katika miaka yote ya kufundisha hakuwahi kufundisha akiwa ameketi. Sasa alivuta kiti, akakiweka kando ya ubao ili asiwazibe, akaketi, akanyoosha miguu.

"Tuanze na maji yaliyomo ndani ya udongo," alisema, na Bwana Maji, aliyekuwa akipita nje ya chumba, alisikia neno maji, akachungulia.